Ubingwa wa Juu ya Ndoo

Katika nyumba ile, kabla binti hajaolewa, mtu akiita "Bingwa!" aligeuka mmoja tu. Siku hizi hugeuka wawili, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Wa kwanza ni mwenye nyumba, fundi wa injini aliyestaafu mbio lakini hakustaafu kuzisimulia. Watu humwita Kona. Miaka thelathini na mmoja iliyopita alitwaa ubingwa wa taifa wa mbio za pikipiki za uwanja wa udongo, zile ambazo pikipiki haina breki wala gia ya kubadilisha, na mpandaji hukata kona kwa kuiburuza ubavu huku mguu wake wa kushoto, uliovikwa kiatu cha chuma, ukilima ardhi. Wapandaji wanne, mizunguko minne, dakika moja hivi, basi. Wa pili ni mkwewe, mwanamume mtaratibu, mpima ardhi kwa kazi na mpandaji kwa mapenzi, ambaye wenzake wamembandika jina la Hesabu. Huyu ametwaa ubingwa uleule mwaka huu.

Uleule? Hapo sasa.

Enzi za Kona, bingwa alipatikana kwa siku moja. Michujo ilikuwepo mwaka mzima, lakini ukishapenya, yaliyopita yamepita. Wapandaji kumi na sita, uwanja mmoja, mbio ishirini, kila mtu akipanda mara tano na kukutana na kila mwenzake mara moja. Wa kwanza alama tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa nne anakula vumbi. Jua likizama, bingwa yupo. Siku hizi ubingwa ni wa msimu mzima: duru tisa katika viwanja tisa, kila duru na nusu fainali zake na fainali yake, na alama zinajumlishwa tangu duru ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kila Jumapili, binti na mumewe wakija kula, Kona alisubiri sahani zijae ndipo aanze.

"Hebu nikuulize, mwanangu. Msimu huu umeshinda duru ngapi?"

"Hata moja, Baba."

"Ngapi?" Alikuwa amesikia vizuri sana. Alipenda tu kusikia tena.

"Hata moja. Nimekuwa wa pili mara tano, wa tatu mara tatu, wa nne mara moja."

"Na saa ile ya kupata ubingwa wenyewe ulikuwa wapi?"

Hesabu akaitazama sahani yake. "Juu ya ndoo."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya duru ya mwisho, mpinzani pekee aliyeweza kumfikia kwa alama alitolewa katika nusu fainali ya kwanza. Hesabu alikuwa amekaa juu ya ndoo nyuma ya kibanda cha mafundi, akisubiri nusu fainali ya pili, anamenya chungwa. Watu wakamvamia na kumbeba juujuu, naye akidhani pikipiki yake imeshika moto.

"Bingwa wa juu ya ndoo!" Kona alicheka mpaka akakohoa. "Mimi ubingwa wangu niliupata nikiwa nimelala ubavu kwenye kona, meno yamejaa udongo!"

"Ni kweli, Baba," alijibu Hesabu kwa adabu zake zote. "Lakini siku moja, mtu yeyote anaweza kuamka vizuri."

Mke wa Kona akazamisha uso ndani ya glasi ya maji. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Basi, wiki moja baadaye katibu wa klabu, bwana mmoja mnene mwenye haraka ya kudumu, alifika karakana kwa Kona. Klabu ilikuwa inaandaa sherehe ya kumpongeza Hesabu Jumamosi mchana, na kamati ilimwomba Kona azungumze dakika kumi juu ya ubingwa wa zamani na wa sasa.

"Dakika kumi zitatosha?" aliuliza Kona.

"Zitatosha, Mzee. Tunakuomba zitoshe."

Kona alijua kuwa siku yake imefika. Maneno matupu hayatoshi. Safari hii angekwenda na ushahidi. Akamwomba katibu boksi la matokeo ya mwaka ule, kisha akamwita binti yake, mwalimu wa hisabati, akamweka mezani na kalamu mbili.

"Chukua michujo yote minane ya mwaka wangu, weka na fainali, zote tisa. Zipigie hesabu kwa mtindo wa siku hizi, kama vile ni msimu mzima. Nataka nisimame mbele ya watu niseme: kwa zamani bingwa ni mimi, na kwa sasa bingwa ni mimi."

Binti alikokotoa. Kona alizunguka meza akipiga mluzi. Mluzi ulipofika kati, binti akaweka kalamu chini.

"Baba, umekaa?"

"Si unaniona nimesimama?"

"Basi kaa."

Akakaa.

"Umekuwa wa kumi na moja."

Kona alifikiri kidogo. "Kutoka juu au kutoka chini?"

"Kutoka juu, Baba. Michujo mingi ulipenya kwa tundu la sindano. Mmoja ulipita kwa sababu mtu aliumwa tumbo."

"Na wa kwanza ni nani?"

"Mnyororo. Tena kwa mbali. Michujo minane, ameshinda sita."

Mnyororo! Jina lenyewe lilitokana na siku ile. Katika mbio ya kumi na saba alikuwa anaongoza, Kona nyuma yake, na kila mtu uwanjani alikwishampa kikombe. Kwenye kona ya mwisho, mnyororo wa pikipiki yake ukakatika. Kona akampita, akachukua alama tatu, na jioni akawa na kumi na tatu dhidi ya kumi na mbili. Siku hizi Mnyororo alikuwa mwoka mikate upande wa pili wa soko, na walisalimiana vizuri tu.

"Mpigie hesabu na mumeo," alisema Kona kwa sauti ndogo. "Kwa mtindo wetu. Ile duru ya mwisho peke yake iwe ndiyo fainali."

"Angekuwa wa nne."

"Afadhali," alisema Kona. Lakini haikuwa afadhali. Chakula kilimshinda siku ile. Kesho yake alikishusha kikombe kutoka juu ya kabati akifute, akajikuta anakifuta kama mtu anayefuta alama za vidole vyake. Usingizi ukamruka. Mkewe alimuuliza kama ni presha, akajibu kwamba ni michujo. Siku ya tatu akapiga moyo konde: haki ya mtu ni haki ya mtu, hata ikichelewa.

Jumamosi ukumbi wa klabu ulijaa. Viti vya plastiki, feni moja inayozunguka na moja inayofikiria kuzunguka, na Hesabu meza ya mbele akiwa na tai iliyomkaba. Kona alipanda jukwaani na kikombe chake kwenye mfuko wa kitambaa. Watu waliomjua walijiegemeza vizuri, wakijua kazi ipo.

Hakutia chumvi hata chembe. Alieleza mtindo wa zamani, akaeleza wa sasa, kisha akatoa karatasi ya binti yake na kuisoma yote, pamoja na yule mtu wa tumbo.

"Kwa hiyo ndugu zangu," alimalizia, akikitoa kikombe mfukoni, "kwa haki ya siku hizi, bingwa wa mwaka ule si mimi. Ni yule pale. Mnyororo, njoo uchukue kikombe chako."

Watu wakasimama kupiga makofi. Mke wa Kona alifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mtu mmoja tu hakupiga makofi, naye ni Mnyororo mwenyewe. Alinyanyuka taratibu, akapita katikati ya viti na unga ukiwa bado kwenye nyusi zake, akapanda jukwaani, akamwinamia Kona sikioni. Alidhani ananong'ona. Kipaza sauti kilikuwa kidevuni pake.

"Wewe Kona, una wazimu?"

Ukumbi mzima ukasikia.

"Nakurudishia haki yako, ndugu yangu," alisema Kona akimkabidhi kikombe, naye akasikika.

"Nani kakuomba? Miaka thelathini na mmoja naishi kwa ule mnyororo! Duka langu linaitwa Mikate ya Mnyororo. Nikiingia kwa kinyozi, watu wananipisha kiti. Mke wangu alinipenda kwa kunihurumia, mwenyewe huyo hapo, muulize! Leo unataka nianze kuwa bingwa uzeeni? Nianze kubishana na wakwe zangu kila Jumapili kama wewe? Bingwa nani anamhurumia?"

Watu walianza kucheka chinichini, kisha wakashindwa kujizuia. Mnyororo aliona kwamba siri ya kunong'ona imekwisha, akakishika kipaza sauti kabisa.

"Na jingine, maana leo ni siku ya kusema kweli. Asubuhi ya fainali fundi wangu aliniambia mnyororo umechoka, niubadilishe. Nikamjibu utafika tu. Huyu Kona, siku hiyohiyo, kafunga mnyororo mpya, plagi mpya, mpaka waya wa klachi mpya. Nilimwona kwa macho yangu. Sote tulijua siku ni moja tu na kesho hakuna. Yeye aliiamini. Mimi nilijifanya sijui." Akakirudisha kikombe kifuani pa Kona, kwa nguvu kidogo. "Chukua kitu chako. Usinisumbue tena."

Kona alikikumbatia kikombe. Ni kweli alifunga mnyororo mpya. Katika miaka yote ya kusimulia habari za kona, udongo na meno, hakuwahi kuutaja, kwa sababu nani anataka hadithi ya kwenda dukani kununua mnyororo? Alijisikia mwepesi kama aliyetuliwa gunia. Akashuka jukwaani na kukaa karibu na mkwewe.

"Pole, Baba," Hesabu alimnong'oneza.

"Na wewe pole. Kukaa juu ya ndoo hujakaa bure. Umepanda duru zote tisa hujaharibu hata moja. Mimi nisingeweza, karatasi hii imesema."

"Na mimi ile siku moja nisingeiweza. Ningetetemeka mpaka nizimishe injini."

Huenda wangeendelea kupeana heshima mpaka chakula kiive, lakini katibu alirudi jukwaani anatabasamu, na bahasha mkononi. Alikuwa na habari njema kutoka shirikisho. Kuanzia msimu ujao mashindano yatanogeshwa: duru tisa zitabaki, ila zitatumika kuwachagua wapandaji wanne tu. Hao alama zao zitafutwa, wataanza sifuri, na bingwa atapatikana kwa mbio moja.

"Moja?" Kona alisimama. "Mbio moja? Sisi tulikuwa na tano!"

Lakini Hesabu alikuwa amemtangulia kusimama. Yule mtaratibu, mwenye adabu, mtu wa "ni kweli, Baba", alikuwa amelegeza tai na mishipa ya shingo imemtoka.

"Yaani nitoke jasho miezi saba, halafu wafute? Kwa dakika moja? Hao watu wa ofisini wamewahi hata kupanda baiskeli? Mashindano ya zamani yalikuwa na maana yake! Sasa haya ni nini?"

Kona alimtazama mkwewe akipiga meza, akasikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ya harusi. Nusura ambusu.

Jioni ileile waliandika barua ya malalamiko, wawili hao bega kwa bega, binti akisahihisha nukta na mikato. Ilipokwisha, Hesabu alimpa baba mkwe wake kalamu asaini wa kwanza. Kona akasaini, akaisoma tena toka juu, akasema haina ukali wa kutosha. Wakaichana, wakaanza upya.