Silinda ya Tatu

Pikapu ililetwa gereji ikivutwa kwa kamba, siku ya kumi na mbili tangu wamzike mama yao. Kaka mtu ndiye aliyeshika usukani. Ilipofika chini ya mabati alishuka, akaacha mlango wazi, na kabla hata ya salamu akamwambia mdogo wake:

"Niangalizie ilikuwa na nini."

"Mafuta, kaka. Si nilikwambia?"

"Uliniambia kwenye simu. Leo niambie ukiwa umeiona kwa macho."

Akaenda kukaa kwenye benchi la wateja. Mkononi alikuwa na chupa ya plastiki yenye petroli aliyoinyonya kwenye tangi jana yake, na kila baada ya muda aliiinua kwenye mwanga na kuitazama chini, kule maji yanakotuama.

Mdogo mtu mtaa mzima ulimwita Dokta. Alikuwa na tabia ya kugusisha bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, na kukutajia ugonjwa hujamaliza kulalamika. Jina lilimkaa, naye hakulikataa. Na kama mafundi wengi, kwake wakosaji duniani walikuwa watatu tu: mafuta machafu, spea za bandia, na dereva. Fundi hakuwamo.

Siku ile kifua kilimbana mama mchana kweupe. Kaka akamlaza kwenye kiti cha pembeni cha pikapu, akamwekea mto wa kitandani kichwani, akaondoka mbio. Kutoka nyumbani hadi hospitali ni dakika ishirini, hata uwe dereva mwoga. Walichukua saa moja na nusu. Katikati ya mlima pikapu ilianza kutetemeka, ikakosa nguvu, ikazima. Akaiwasha, ikajikongoja hatua chache, ikazima tena. Barabara nyeupe, hakuna gari la kuomba msaada. Akampigia Dokta, ambaye alikuwa uvunguni mwa lori, simu ameibana kwa bega.

"Inamisi, inakosa nguvu, inazima kila…"

"Hayo mafuta," Dokta alimkata. "Umejaza wapi?"

Asubuhi ile kaka alikuwa amejaza kwa wale wauza madumu wa kando ya barabara.

"Mungu wangu," alisema, na simu ikakatika. Kwamba mama yumo ndani hakuwahi kusema. Hakupewa nafasi.

Hospitali, daktari wa kweli aliwaambia neno moja tu: mngewahi kidogo. Tangu hapo kaka alikonda, shati likawa linamning'inia. Msibani alimweleza kila aliyekuja kumpa mkono, bila kuulizwa, kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake kwa kupenda mafuta ya bei rahisi. Watu walimwambia usiseme hivyo. Dokta alikuwa amesimama palepale, hakusema kitu, kwa sababu aliamini ni kweli. Ugonjwa si aliutaja mwenyewe?

Sasa Dokta alifungua boneti, akaunga betri, akawasha. Injini ilishika kwa shida, ikawa inatikisika mpaka bisibisi zilizokuwa juu ya bampa zikaanguka. Eksozi ilitema moshi kwa vipindi, pu-pu, kimya, pu. Hakuhitaji kuweka chochote sikioni. Hata muuza vocha wa ng'ambo ya barabara angesikia kwamba kuna silinda moja haifanyi kazi.

Moja. Alijikaza, akaendelea na kazi.

Alichomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikayumba, ikataka kuzima. Maana yake hiyo ilikuwa nzima. Akaurudisha. Akachomoa wa pili, ikayumba vilevile. Akachomoa wa tatu, na hakuna kilichobadilika. Injini iliendelea na kutetemeka kwake kana kwamba hakuna aliyeigusa. Akachomoa wa nne, ikayumba.

Mafuta machafu hayachagui silinda. Maji yakiingia kwenye tangi, zote nne zinaugua. Hili Dokta alilijua tangu akiwa mwanafunzi wa gereji, na angelijua siku ile pia, laiti angeuliza maswali mawili badala ya kujibu.

Bado alitafuta pa kutokea. Akabadilisha waya, wa pili akaupeleka kwenye ya tatu. Vilevile. Akaangalia kama umeme unafika. Cheche iliruka, ya buluu, nzuri kabisa. Akazima, akaingiza soketi, akaifungua plagi ya tatu taratibu. Akamwomba kaka apige stata kidogo huku yeye ameziba tundu kwa kidole gumba, na pumzi ikakisukuma kidole kwa nguvu. Injini haikuwa na kosa lolote.

Akaifuta plagi kwa kitambaa. Ilikuwa imelowa petroli, nyeusi nchani. Kwenye kauri nyeupe palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umezunguka nusu. Ufa. Injini ilipopata moto na kubebeshwa mzigo wa mlima, ufa ulipanuka, cheche ikawa inapotelea humo.

Akaegemea bawa la gari.

Plagi zile alizifunga yeye mwenyewe, siku tatu kabla ya siku ile, mpya zote nne. Ya tatu ilimponyoka ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Ilitoa mlio mdogo tu. Na plagi iliyoanguka haifungwi, inatupwa. Hilo aliwafokea wenzake mwaka mzima, na yupo fundi mmoja aliyewahi kumwita mchinjaji mbele ya wateja kwa kosa hilohilo. Lakini duka la spea lilikuwa upande wa pili wa soko, na mama alikuwa amempigia simu mara mbili. "Unakuja au huji? Nimekaa mlangoni nakungojea kama posa," alimwambia huku akicheka. Basi akaiokota, akaipangusia kwenye ovaroli, akaitupia jicho, akaifunga. Alimkuta mama hajalala. Walikaa saa nzima wakiongea upuuzi, mama akimcheka kwa kitambi anachoota. Hakumwona tena akiwa hai.

"Ni mafuta, sivyo?" kaka aliuliza. Alikuwa amesogea, chupa mkononi. "Hebu angalia hapa chini. Si maji haya?"

Dokta aliitazama chupa. Petroli ilikuwa safi, chini hadi juu. Hapakuwa na hata tone la maji, na bado kaka alikuwa analiona.

Neno moja tu, ndiyo, na mambo yangeisha. Plagi ingeingia mfukoni, jioni ingekuwa shimoni. Nani angejua? Kaka alishajihukumu mwenyewe, na ndugu wote walishamsamehe. Dokta hakuwa mtu mbaya, lakini aliipima ile ndiyo mdomoni, akaiona inatosha kabisa.

"Nalala kwenye kiti cha mama," kaka alisema, macho kwenye chupa. "Kitandani siwezi. Mke wangu ananiita, nashindwa kwenda."

"Hakuna maji, kaka. Mafuta yako hayakuwa na tatizo." Akamnyoshea plagi. "Ni hii. Ina ufa. Iliniponyoka siku nilipokufungia, nikaifunga hivyohivyo."

Kaka aliipokea, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye ule mstari.

"Si wewe unayesema ikianguka hutupwa?"

"Ni mimi."

"Na ukanipigia kelele kwenye simu kwamba ni mafuta."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

"Mama alikuwa ananiita."

Dokta alisubiri tusi, hata kofi. Angelipokea kwa shukrani. Halikuja. Kaka aliweka chupa chini, akaitia plagi kwenye mfuko wa shati, akaenda kukaa nyuma ya usukani. Mto wa mama ulikuwa bado kwenye kiti cha pembeni.

"Funga mpya," alisema.

Dokta akaenda dukani kwa miguu, upande wa pili wa soko na kurudi. Akafunga mpya kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba yai. Kaka akawasha. Injini ilishika mara moja, ikanguruma taratibu, laini, bila kukosa hata pigo moja.

Dokta alidhani kaka atazima. Hakuzima. Hakuondoka pia. Aliangalia saa yake ya mkononi, akaweka mkono juu ya mto, akatazama mbele kwenye ukuta wa mabati kana kwamba ni barabara. Dokta alisimama dirishani, hajui mikono aiweke wapi. Muuza vocha alivuka kuja kuchungulia, akaziona nyuso zao, akarudi. Injini iliendelea kunguruma.

Kisha kaka akaangalia tena saa, akazima.

"Dakika ishirini," alisema. "Tungekuwa tumefika."