Kebo ya Pili

Léa aliporudi kukagua mitambo yake katika kliniki moja ya Kimanga, kitu cha kwanza alichokiona ni kebo yake ya buluu, imetumiwa kufungia bidoni za maji nyuma ya pikipiki. Akachoka papo hapo, kabla hata ya kuvuka mlango.

Alikuwa amehangaika sana na swichi mbili za pale, vile visanduku vya kugawa mtandao kwa kompyuta. Aliutenga mtandao wa famasia, wa mapokezi na wa wageni, kila mmoja njia yake, kisha akaziunganisha swichi kwa kebo mbili zibebe mzigo pamoja, ili moja ikikatika nyingine isimamie kazi.

"Mama Léa, ile ingine niliitoa," alisema Papa Sebagenzi, msimamizi, akitabasamu. "Na hakuna kitu kimekufa. Ilikuwa inakaa bure."

Léa alitaka kumweleza tena, kama alivyokwisha kumweleza, akaghairi.

"Na hii yenye ilibakia," Papa Sebagenzi akauliza, "iko na kazi gani?"

"Itoe tu, papa. Utaiona."

Papa Sebagenzi akaichomoa, mtandao ukakatika. Kutoka famasia hadi mapokezi, kelele zikapanda:

"Léa! Umefanya nini tena?"