Majalada ya Kaki

Ruti hakushika kitabu kwa mikono michafu hata siku moja. Akitoka shambani alinawa kwanza, akajifuta kwa upindo wa kanga, ndipo akafungua. Na kila kitabu kilichovuka kizingiti chake alikivika jalada la kaki, lililokatwa kwenye mfuko wa saruji, akalikunja pembe kwa ukucha mpaka likalala vizuri. Cha maktaba alikivika. Biblia yake aliivika. Dayari yake nene, aliyoandikia mambo ya kila siku, nayo aliivika. Moshi wa jikoni hauna adabu, alikuwa akisema, na mikono inayochuma kahawa haina adabu zaidi. Juu ya kila jalada aliandika kwa wino jina la kilichomo ndani, ili mtu asihangaike.

Mumewe, Lusubilo, alihangaika vilevile, kwa sababu hakujua kusoma.

Hilo hakulijua mtu pale kijijini isipokuwa Ruti. Zamani, mlio wa kengele ya ngumbaru ulipowaita wazee kwa vijana darasani, Lusubilo alikuwa ndiyo kwanza kachaguliwa balozi wa nyumba kumi. Balozi gani huyo akae benchi moja na wake za watu, avute a, e, i, o, u mbele ya vibibi? Akasema yeye anajua tayari. Neno likishatoka ndiyo basi. Tangu siku hiyo barua za ubalozi aliziandika Ruti, na kanisani Ruti ndiye aliyemfungulia kitabu cha nyimbo, akaupitishia mstari kidole taratibu, kama mtu anayejisomea mwenyewe. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini Lusubilo alikuwa na mke wa kumsitiri, akaona methali hiyo ni ya watu wengine.

Kila Jumamosi Ruti alikwenda mjini Vwawa kuazima vitabu. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye rafu za mbao, akiitunza bwana mmoja mpole aitwaye Josephat. Aliazima kimoja, akakisoma mara mbili, akakirudisha kikiwa safi kuliko alivyokichukua. Jioni, baada ya ugali, aliandika kwenye dayari: mvua ilivyonyesha, mibuni ilivyochanua, kile kitabu kilivyomtoa machozi au kumkasirisha. Kisha humwuliza mumewe, "Baba Ombeni, nikusomee ya leo?"

"Soma," Lusubilo hujibu, akinyoosha miguu kuelekea jikoni kwenye makaa.

Madaftari ya miaka ya nyuma yaliliwa na mchwa. Dayari hiyo ndiyo iliyobaki, maandishi yake madogo madogo, maana Ruti alibana karatasi kama wengine wanavyobana sukari.

Mwaka huo mvua za masika zilipita kiasi. Ruti alinyeshewa akirudi kutoka Vwawa, kitabu kakificha kifuani kwa nailoni, mwili wake mwenyewe hakuuficha. Homa ikaingia mapafuni. Wiki haikuisha.

Msiba wilayani kwao Mbozi ni wa watu wote. Akina mama waliingia chumbani, wakatoa kitanda, masanduku na vikorokoro vyote ili marehemu alazwe na waombolezaji wapate pa kukaa. Vitu vikalundikwa stoo juu ya magunia. Ndipo mama Ketrina, kiongozi wa akina mama wa kanisa, akamjia Lusubilo.

"Pole, balozi. Tunakuachia sasa ufunge Biblia yake."

Ilikuwa desturi ya usharika wao: mwanamke aliyekuwa mama wa kanisa huzikwa na Biblia yake kifuani, na mume ndiye huifunga kwa kitambaa cheupe kwa mkono wake. Lusubilo akaingia stoo. Juu ya gunia palikuwa na vitabu vitatu vya kaki. Kile chembamba alikijua, ni cha maktaba. Lakini vile viwili vinene vililingana kama maziwa na tui. Nyumbani alivijua kwa mahali pake, Biblia kando ya mto, dayari dirishani. Sasa mahali hapakuwepo tena. Majina yalikuwepo, yameandikwa juu kwa wino, herufi kubwa, wazi kabisa, na yeye akayatazama kama anavyotazama nyayo za ndege.

Kuuliza si ujinga. Mama Ketrina alikuwa amesimama mlangoni, hatua chache tu, na angesema tu "nichagulie, macho yamejaa machozi," nani angemshangaa? Lakini mwizi hudhani kila mtu anamtazama mfukoni. Akavipima mkononi, akachukua kilichokuwa kizito zaidi, akakifunga kitambaa mara mbili, akakitoa nje.

Watu walipotawanyika, alikiweka kile kitabu kilichobaki ndani ya sanduku, na kila jioni akakitoa, akakipakata. Hakutaka mali wala mirathi. Alitaka asikie tena, hata mara moja, "leo mvua imenyesha," kama Ruti alivyosema. Angengoja binti yao, Ombeni, arudi kwenye arobaini, amsomee yote, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kitabu chembamba alikirudisha Vwawa mwenyewe. Josephat alikipokea kwa mikono miwili, akataka kulivua lile jalada, kisha akaghairi.

"Hili nitaliacha," akasema. "Mzee, mama alikuwa akiniambia anakusomea dayari yake kila jioni. Angalau umebaki nayo. Utaisoma taratibu."

"Naam," Lusubilo akajibu. "Nitaisoma taratibu."

Ombeni alikuja kutoka Tunduma, alikokuwa akiuza vitenge mpakani na kubishana bei na Wazambia tangu asubuhi. Sauti ilikuwa imemkauka. Baada ya ibada ya arobaini, wageni walipoondoka, baba alimketisha jikoni, akatoa kitabu sandukuni.

"Miwani yangu imevunjika," akasema. "Nisomee mama yako."

Baba hakuwahi kuwa na miwani, lakini Ombeni hakulitilia hilo maanani. Alilitazama jalada, akamtazama baba.

"Baba, hii ni Biblia."

"Fungua."

"Imeandikwa hapa juu, kwa mwandiko wake. Biblia." Akafungua, akapekua, akaona safu za mistari yenye namba, na karatasi nyembamba inayonong'ona. "Dayari iko wapi?"

Lusubilo alilia, mzee mzima, kilio ambacho hakulia hata kaburini. Ombeni alimshika magoti akimwita baba, baba, mpaka mzee akasema yote: ngumbaru, ubalozi, kitabu cha nyimbo, vitabu viwili juu ya gunia.

"Nimemzika mara mbili," akasema. "Na mara ya pili nimemzika mimi peke yangu."

Ombeni hakumlaumu. Maji yakimwagika hayazoleki, na kaburi la mama yake halikuwa shimo la kufukua. Alijifuta uso, akachakura mkoba wake, akatoa daftari jipya alilonunua kuandikia mauzo. Akalifungua ukurasa wa kwanza.

"Baba, wewe ulimsikia miaka yote. Niambie, niandike."

Mzee akanyanyuka, akanawa mikono, akaifuta, akarudi kuketi. Macho yakamng'aa kidogo.

"Andika. 'Leo mvua imenyesha tangu alfajiri, na kitabu nilichoazima kinahusu mwanamke mmoja aliyevuka mto.'"

Ombeni akaandika. "Enhe? Alipovuka?"

Lusubilo akafikiri.

"Andika nyingine. 'Leo mibuni ya upande wa bondeni imechanua, nyuki ni wengi.'"

"Halafu?"

"Nyingine. 'Leo Ombeni ametuma salamu kutoka Tunduma.'"

Kalamu ya Ombeni ilisimama. "Halafu alisema nini, baba? Alisema nini juu yangu?"

Mzee alitazama makaa. Jioni zote hizo zilimpitia, ugali tumboni, miguu motoni, sauti ya Ruti ikianza, laini, ikimbembeleza.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Akifika hapo nilikuwa nimeshalala."