Wanawake Waliosema kwa Mikono

Nakiete anasinzia mezani baada ya chakula cha mchana, barua ya mhariri ikiwa wazi mbele yake: asante, wazo lako ni zuri, lakini halitufai kwa sasa. Ni ya tisa tangu aache ualimu awe mwandishi wa kujitegemea, na amejiapiza kwamba Jumatatu anarudi shuleni. Usingizi unamchukua, herufi za barua zinatandazika, zinakuwa barabara, naye anaitembea, barabara isiyo na mwisho. Kando yake anatembea mzee mwenye kofia, na chini ya kofia hakuna uso, ni laini kama yai. Shikamoo, Nakiete anasema. Marahaba mwanangu, wapi huko? Natafuta mhariri, nina wazo la makala. Una wazo, au una mzigo? Kabla hajajibu wamefika mji wa vioo, kila nyumba kioo, kila kioo kina mlango, na kila mlango una mhariri asiye na uso. Nakiete anabisha hodi. Nataka kuandika historia ya zao la mkonge, anasema, tangu wakati wa Wajerumani hadi leo. Mlango unafungwa taratibu, bila ubaya. Anageuka, mtaa nao unageuka, yuko mlango uleule, anasema maneno yaleyale, unafungwa tena, na tena, mpaka sauti inamkauka. Mzee anamuuliza, huyo mkonge ni nani? Mkonge si mtu, mzee wangu. Basi nani akufungulie, nawe umekuja peke yako?

Nakiete anaketi barazani analia, na katika kioo anamwona shangazi yake Nambike, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye mashine ya kuchambua mkonge hadi masikio yakafa. Shangazi anachezesha vidole hewani, na wanawake watatu wanamjibu kwa vidole, kisha wote wanacheka hadi wanashikana mabega. Machozi yanamkatika Nakiete. Mashine ilinguruma mpaka mtu hajisikii mwenyewe, anamweleza mzee, kwa hiyo wakajitungia lugha ya mikono, na hata leo, wamestaafu, wakiwa kanisani wanasengenyana kwa mikono huku mchungaji akihubiri. Mbona hayo hukuyasema mlangoni? Niliona ni mambo ya nyumbani tu. Na hodi, mwanangu, hupigwa wapi kama si nyumbani? Nakiete anainuka, anabisha, anaanza na jina la shangazi. Safari hii mlango haufungwi. Endelea, anasema mhariri.

Anaamka shavu likiwa juu ya meza, jua bado kali. Kwenye kompyuta kuna barua mpya, mistari sita kuhusu Nambike na wenzake, imeshatumwa, wala hakumbuki kuiandika. Simu inaita. Mimi Mama Kiondo, mhariri wa jarida, nimesoma barua yako, makala hii naitaka. Ila niambie, neno nimechoka walilisemaje? Sijui, mama, Nakiete anasema, sikuwahi kuuliza. Nenda kaulize, nakusubiri. Sauti ni ya mhariri wa mji wa vioo, ileile. Nakiete anampigia binamu yake Elineema, anayeishi na shangazi. Dada, mwambie shangazi nakuja kesho. Elineema anacheka. Mbona anajua? Tangu mchana anatuambia kwa mikono kwamba ulikuwa hapa, umelia barazani, na umeahidi kurudi.