Raki Iliyovushwa Vipande Vipande

Pikapu ilikuwa imeshauacha mwamba wa Tororo nyuma, na Mangeni alikuwa bado anacheka. Alimcheka Agwang, mwanamke anayeendesha msumeno wa mawe kwenye karakana ya Mangeni, kwa kuwa alikataa kusimama kwenye msumeno tena. Mnyororo unaovuta toroli ya mawe ulikuwa umeruka mara mbili, na mara ya pili diski ya msumeno ilimkosa mkono kwa upana wa ukucha.

"Weka raki, tena ya maana," Agwang alikuwa amemwambia kabla hatujaondoka. "Ukikataa, mkono yangu nakwenda nayo nyumbani."

Raki ni chuma kirefu kilichochongwa meno upande mmoja. Giya ndogo hutembea juu yake na kuisogeza toroli. Mnyororo hulegea, raki hailegei. Hilo hata mimi niliyekaa kando ya Mangeni garini nilijua, na elimu yangu nimeiokota bandarini na kwenye viwanda vya sukari. Mangeni ana diploma.

Dukani kwa Nasirumbi, Busia upande wa Kenya, ng'ambo ya mpaka kutoka kwetu Uganda, mwenye diploma alinyoosha kidole. "Mama, nipe ile inang'aa."

"Kung'aa ni grisi tu, kaka. Jiwe lako lina uzito gani?"

"Uzito wa jiwe."

"Kilo mia tano," nikasema mimi, kwa aibu.

Nasirumbi aliziweka kando zenye meno madogo, akaleta mbili nene, kila moja mita mbili. "Chukueni za meno yaliyonyooka. Za mshazari hazipigi kelele, lakini zinaisukuma giya pembeni, na beringi zenu mimi siziamini." Akailinganisha raki na giya tuliyoibeba, akipima meno kumi kwa mpigo. "Jino moja linadanganya. Kumi hayawezi." Mwisho akatukabidhi kipande kifupi cha raki. "Mkiziunganisha, kigeuzeni kichwa chini, meno yake yaume pande zote mbili za kiungo, ndipo mkaze bolti."

Risiti akaipiga mhuri. Hatukufika hata mita mia, Mangeni akasimama kwa fundi wa kuchomelea. "Kata hizi. Vipande vinane."

"Bosi, karatasi tunazo. Barabara kubwa iko wazi."

"Mzee, umezunguka dunia yote lakini Busia hujui. Hapa kitu kizima kinaitisha maswali. Babu yangu alivusha kitanda kwa vipande. Baba akavusha mashine ya kusaga posho kwa vipande."

"Na ilisaga?"

"Ilisaga."

"Lini?"

Akamwashiria fundi aanze. Grenda ilikata mara sita, na kila mkato ulikula milimita tatu. Vipande vikafungwa kwenye magunia, vikapita njia ya panya kwa baiskeli. Kipande cha Nasirumbi kilitupwa mtaroni kama uchafu. Sisi tulipita barabara kubwa na pikapu tupu. Askari alichungulia nyuma, akatupungia mkono twende. Mangeni alitabasamu kama mtu aliyeteka nchi.

Tororo vipande vilichomelewa, kichwa kwa kichwa, bila kupima meno kwenye viungo. Agwang akaja, akaisukuma giya kwa kiganja, polepole.

"Hapa inaingia. Hapa inapanda. Nani alikata hii kitu?"

"Chuma ni chuma," Mangeni akasema.

"Basi simama wewe." Akanigeukia. "Na wewe Mzee, ulikuwa huko? Mdomo yako uliacha Busia?"

Nilikuwa nimepanda pikapu ya watu, nikauliza maswali mawili, kisha nikabebwa kama gunia.

"Mwanamke mwoga anafunga kiwanda," Mangeni akatangaza mbele ya wafanyakazi wote, akakunja mikono ya shati, akasimama mahali pa Agwang. Toroli ilitembea kama bibi harusi hadi kiungo cha kwanza. Pale giya ikapanda juu ya jino, ikaangukia la mbele, na jiwe likaruka likaingia kwenye diski upande upande. Diski ikapasuka. Mkono wa Mangeni ulikuwa bado juu ya jiwe.

Mangeni alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Karakana ilifungwa mwezi uliofuata, na msumeno ukauzwa kama chuma chakavu. Agwang anakata vigae Malaba. Vidole vyake vyote kumi anavyo. Nasirumbi bado anauza raki. Mimi nilihamia Majanji, natengeneza injini za mashua.