Herufi kwenye Shavu la Mama Limi

Saa nne asubuhi Mama Limi alikuwa akigeuza chapati kwenye kibanda chake kando ya karasha za Segese, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, shavu lake la kushoto likavimba. Katikati ya uvimbe ilijitokeza herufi H, nyekundu, ukubwa wa punje ya hindi. Aliipua chapati, akaifunika isipoe.

Wachimbaji waliokuwa wakinywa chai waliona. Hali yake walikuwa wameizoea. Alhamisi moja ya mwezi wa Rajabu, katika dhikri ya alasiri, nafsi yake ilifutika mbele ya Mola, akabaki Yeye tu, kama khalifa wa tarika alivyofundisha miaka yote. Baada ya dua alikunja mkeka, akaenda nyumbani kuloweka maharage. Tangu hapo maumivu ya kila mja wa Segese yalimfikia. Mwezi uliofuata alikohoa vumbi jekundu, wachimbaji wakakimbilia duara la Pantaleo, shimo refu kuliko yote, wakamfukua Eliya akiwa hai. Mama Limi aliletewa mbuzi.

Safari hii Eliya peke yake ndiye aliyeinuka.

"Kaa unywe chai yako," Pantaleo alimwambia. "Hili si la duarani."

Herufi ile waliijua. Ilichongwa kwenye pete ya Herman, mwenye karasha mbili.

Herman mwenyewe alifika baada ya dakika kumi. "Mwangaluka," aliwaamkia. Waliitikia ndani ya vikombe. Alilitazama shavu la Mama Limi, akautia mkono wa kulia mfukoni, akala chapati kwa mkono wa kushoto.

"Kaka, leo umekuwa mashoto?" Eliya aliuliza. Pantaleo akamkanyaga mguu chini ya meza. Mama Limi akasonya, akainua mguu wake.

Adhuhuri, benchi likiwa tupu, Herman alirudi na kifurushi.

"Shikamoo, Mama Limi."

"Marahaba."

"Nimekuletea ushungi mpana. Jifunike, mama. Hapa watu wanakula."

"Na mkeo Salome umemchukulia wa rangi gani?"

"Salome hatoki siku hizi. Ana malaria."

"Hana," alisema Mama Limi. "Ningetetemeka."

Uso ulimshuka Herman. Aibu yake nayo ilimfikia Mama Limi. Masikio yakamwaka hadi akalazimika kukalia ndoo.

"Hii nayo inauma," alisema. "Ibebe mwenyewe, uipeleke kwa mkeo."

Herman aliigeuzageuza pete kidoleni. Masikio ya Mama Limi yalizidi kuwaka, naye akaanza kutumaini. Kisha Herman akavua pete, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Wabeja, mama," alishukuru, akaenda zake.

Jumatatu saa nne shavu lilivimba tena. Safari hii lilikuwa laini, halina herufi. Wachimbaji walilikagua, mabega yakawashuka.

"Afadhali," alisema Pantaleo. "Hii haina mwenyewe." Akaomba chapati ya pili. Herman, aliyeketi pembeni yake, aliomba ya tatu, akaipokea kwa mkono wa kulia.

Mama Limi alingoja masikio yamwake. Yalibaki baridi.