Kimea cha Upande wa Chini

Mpwa wangu alinipigia simu nikiwa miji mitatu mbali, nalinda ghala la mbao, kazi ambayo ilinichosha siku ya tisa. Hakuniuliza hali. Alisema, "Mjomba, njoo. Bia imekataa." Nikachukua mfuko wangu. Mimi kuondoka siombwi mara mbili. Nyumbani wananiita Kiguu na Njia, na jina hilo nilipewa na dada yangu, mama yake huyu binti, kwa hasira wala si kwa utani.

Mambo yalikuwa hivi. Kiwanda cha zamani cha bia, ambacho marehemu shemeji yangu alikuwa fundi mkuu wake, kilifungwa yapata miaka arobaini iliyopita. Jengo likabaki mikononi mwa chama cha wafanyakazi, na chama chenyewe sasa ni wazee kumi na mmoja na Mwenyekiti wao, aliyekuwa mpakizi wa kreti. Mpwa wangu ni katika hawa watu wa siku hizi wanaopika bia kidogo kidogo kwenye gereji, wanaitia kwenye chupa zenye picha za ndege na vinyago, kisha wanaonjeshana na kubishana mpaka koo zinakauka tena. Yake ilisifiwa. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye bia ya baba yake, aliyofariki nayo. Akawaomba wazee jengo. Wakamwambia watampa, kwa sharti awapikie ile ile. Wakiionja wakaijua, funguo zake. Wasipoijua, yupo mtu wa saruji anatafuta pa kuweka mifuko yake. Wakampa miezi mitatu.

Alishapika mara mbili. Mara zote mbili Mwenyekiti alionja, akaweka glasi chini, akasema ni bia nzuri sana, ya mtu mwingine.

Nilipofika zilibaki wiki tatu, na bia ikishaingia kwenye tangi haitoki kabla ya wiki mbili na ushei. Maana yake ilibaki nafasi moja. Nafaka ya kupika ilikuwa imeshachipua, imekuwa kimea, imetandazwa kwenye chumba cha kukaushia ikingoja moto. Chumba nilikijua kwa miguu. Tanuri liko chini, juu yake sakafu ya bati lenye matundu kama kichungi, na juu ya bati kimea, unene wa shubiri. Kazi ya mtu wa humo ni kugeuza kwa koleo la mti kila robo saa, ya chini ije juu, ya juu iende chini, kutwa nzima. Mtu huyo zamani nilikuwa mimi.

Binti alinionyesha daftari la baba yake. Maji kiasi gani, hamira kiasi gani, siku ngapi, yote alikuwa ameyafuata kama sala. Akaniuliza kuna nini baba hakukiandika. Nikamwambia ngoja nifikiri.

Sikuwa na la kufikiri. Nilijua toka kwenye simu. Siku mbili nikazunguka ua wa kiwanda, nikapanda ngazi, nikashuka, nikahesabu madirisha yaliyovunjika, hadi akanilalamikia kwamba namtia kizunguzungu. Kilichonifunga mdomo ni lebo. Alishazichapisha, na kwenye lebo yuko shemeji, kofia kichwani, anatazama mbali kama mtu mwenye siri kubwa. Utamwambiaje mtoto kwamba siri ya baba yake ilikuwa uzembe wa mjomba wake?

Siku ya tatu kimea kikaanza kunyauka, kikingoja zaidi kingeoza. Nikamwita, nikamwambia kaa, yeye akakaa, mimi nikabaki nimesimama.

Nikamweleza. Kwamba koleo sikuliweza. Mikono iliweza, miguu ndiyo iliyokataa. Kila siku saa tisa mchana magari ya mbali yalikuwa yanaingia stendi, nami nilikuwa natupa koleo nakwenda kuyaangalia. Sina safari, simngojei mtu. Naangalia matope ya kwenye magurudumu, ni mekundu au meusi, yametoka wapi. Nikirudi, kimea cha upande wa chini kimeshaungua, kimekuwa rangi ya hudhurungi, kinanukia kama ukoko wa sufuria. Basi nakichanganya haraka na cha juu kisionekane. Mara ya kwanza fundi mkuu alinikamata, akanizaba kibao nikaona nyota mchana. Baada ya hapo hakunikamata tena. Nilimpiga chenga miaka minne. Ile ladha watu waliyoililia kiwanda kilipofungwa ni hiyo, kimea kilichoungua upande mmoja kwa sababu shemeji yake fundi alikuwa stendi anaangalia matope.

Halafu akasema, "Kwa hiyo baba yangu alisifiwa kwa uvivu wako."

Nilikuwa natazama mlango.

"Miaka minne," akasema. "Mtu alivyokuwa mkali vile, asikukamate hata mara moja?"

Nikamwambia saa hizo hakuwa anakaa chumba cha kukaushia. Mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa ananituma. Inafika saa tisa anatokea, ananipa sarafu, anasema nenda stendi kaniletee sigara, usikimbie utaanguka. Mimi nikaona Mungu kanipa shemeji mwema.

"Baba hakuvuta sigara maisha yake yote."

Hapo ndipo nilipokumbuka pakiti. Zilikuwa zimepangwa kwenye rafu ya ofisi yake, hazijafunguliwa, kama matofali. Nilikuwa naziona, na nilichowaza ni kwamba fundi ni mtu wa akiba.

Binti akaanza kucheka, akafuta macho, akacheka tena. "Mjomba, alijua. Alikupiga kibao siku ya kwanza, halafu akaionja. Wewe ndiye uliyekuwa saa yake."

Miaka yote hiyo nimejiona mjanja, nimelisimulia jambo hili vilabuni kwenye miji isiyo na hesabu, watu wakacheka nami nikacheka. Kumbe nilikuwa mshale wa saa tu, na mtu mwingine ndiye aliyetia ufunguo.

Ikabaki kujua nilikuwa nachukua muda gani. Saa ya mkono sikuwahi kuwa nayo. Akashika simu yake, tukatembea hadi stendi pamoja, nami namwonyesha nilipokuwa nasimama. Hapa kwa fundi viatu. Hapa bombani. Hapa dirishani kwa binti mkata tiketi.

"Kwake ulikaa muda gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini, mjomba?"

"Kama siku hiyo amenuna."

Tulikwenda mara tatu, tukapata dakika thelathini, arobaini na moja, na ishirini na nane. Akaketi juu ya kreti, akashika kichwa. Akasema atabahatisha katikati. Nikamwambia asibahatishe. Muda sikuukumbuka, lakini harufu naikumbuka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inanipokea mlangoni, nami natoka kwenye hewa safi na hofu ya kibao. Aliyemo ndani haisikii. Pua ikikaa humo inalala.

Tukawasha tanuri. Yeye akabaki ndani na koleo, amekatazwa kuligusa. Mimi nikatoka. Toka chumbani hadi getini ni hatua tisini na nne, nilizihesabu mara nyingi siku ile. Nakwenda, napiga pumzi mbili tatu, narudi, naingiza pua mlangoni.

"Bado."

Nikaenda, nikarudi. "Bado."

Mara ya sita moshi mwembamba ulikuwa umeanza kutoka kwenye matundu. Akaniambia kimeungua, kwamba anaona kwa macho, kwamba ni kimea cha mwisho, nafaka nyingine ya kuchipua hapati tena kabla ya muda kwisha. Sauti yake ilikuwa ya mama yake. Koleo alikuwa ameshalishika. Nikamwambia bado, nikamgeuzia mgongo, maana ningebaki pale ningelishika mwenyewe. Hatua tisini na nne kwenda. Nje ya geti gari la mizigo lilikuwa linapakia, dereva hana mwenzake, analalamika njia ni ndefu. Nilisikia hadi alikokuwa anakwenda. Sijawahi kufika huko.

Nikarudi. Nilipofika mlangoni shavu likaniwasha, hili la kushoto, lililozabwa kile kibao, kabla pua haijasema lolote.

"Geuza," nikamwambia. "Sasa hivi, geuza."

Wiki zile za tangi sikuzikaa zote. Niliondoka mara mbili, mara zote nikalala njiani usiku mmoja na kurudi, na hakuna aliyeniuliza.

Siku ya kuonja wazee walikaa kwenye mabenchi ya chumba cha chupa, jua linaingia kwa juu. Mpwa wangu alimimina mwenyewe, akarudi ukutani, mikono nyuma. Mwenyekiti akanywa. Akaitazama glasi, akanywa tena. Aliyekuwa dereva wa kiwanda akalamba midomo, akamgeukia.

"Wewe uliniangushia kreti kumi na sita mguuni."

"Kumi na nne," akasema Mwenyekiti. "Na mguu uliuleta mwenyewe."

"Kumi na sita, na ulikuwa umelewa hii hii."

Wengine wakadakia. Huyu alikuwepo, yule hakuwepo, siku yenyewe haikuwa Ijumaa. Kulikuwa na mgomo, hapana, mgomo ulikuwa baadaye, na nani alikula michango ya mgomo. Glasi zikanyooshwa bila mtu kuangalia nani anamimina. Walibishana mpaka jagi la nne, na jina la mtu wa saruji halikutajwa. Walipoinuka, Mwenyekiti alilalamika benchi linachoma makalio na geti linapiga kelele, akasema wiki ijayo wakija wasiyakute hivyo. Funguo alikuwa ameziacha pale alipoweka glasi.

Niligeuka kumpa mpwa wangu mkono wa pongezi, hayupo. Nikamkuta stoo, ameshafungua gunia jipya la nafaka, anahangaika kulivuta kwenye birika la kurowekea.

"Shika upande huo, mjomba," akasema. "Ni zito."

Nikashika.